Walinzi wa Tangi la Samaki

Samaki wa tatu alipokutwa ameelea tumbo juu, Fundi hakusikitika. Alikasirika. Alimkasirikia samaki mwenyewe kwa kuchagua kufa Jumatatu saa moja na nusu asubuhi, wakati wifi yake yuko njiani anakuja, ufunguo mkononi na pua mbele.

Alimwopoa kwa upawa, akamviringisha kwenye kipande cha gazeti, akamzika ndani ya ndoo ya taka chini ya maganda ya viazi. Halafu akarudi sebuleni kuhesabu waliobaki. Wanane. Mumewe alipolazwa hospitali wiki tatu nyuma kwa ugonjwa wa moyo, aliacha samaki wa dhahabu kumi na mmoja, wote amewapa vyeo: Mwenyekiti, Katibu, Mweka Hazina, na wajumbe wao. Sasa kamati yote ilikuwa imejazana juu ya maji, midomo wazi, mapezi yamebana ubavuni. Maji yenyewe yalikuwa na ukungu, rangi ya maji yaliyooshewa mchele.

Mtaani walimwita Fundi kwa sababu ya cherehani yake, aliyoiweka kwenye chumba cha kupanga mwanzo wa barabara. Alikuwa na mikono ya kuaminika na mdomo usio na breki, lakini wifi yake ndiye aliyekuwa kiboko yake.

Wifi huyo walimwita Matroni. Kwa miaka thelathini alisimamia bweni la wasichana, akihakikisha wasichana mia nne wanakula na kumaliza sahani. Alipostaafu alitoka na saa ya ukutani na tabia ya kuingia kwa watu bila kubisha. Mumewe Fundi alikuwa mdogo wake wa pekee, naye alimpa dada yake ufunguo wa nyumba siku ya kulazwa. Fundi aliambiwa baadaye, kama vile mpangaji anavyoambiwa.

Na sasa kulikuwa na suala la Jumamosi. Jumamosi daktari angemruhusu mgonjwa kutoka, na swali lilikuwa atoke aende wapi. Matroni alishaandaa chumba kwake, godoro jipya na kengele ya kuitia. Mara ya mwisho mume yule alipokwenda kwa dada yake, mguu ulikuwa umevunjika. Mguu ulipona kwa wiki sita, mwenyewe akakaa miezi minne, akarudi amenenepa na kila anachosema kinaanza na "Dada anasema." Fundi alikula miezi minne peke yake mezani. Alikuwa ameapa kwamba safari hii mumewe atapona kwenye kitanda chake, kwa mikono ya mkewe, hata kama ni kwa kugombana na wodi nzima.

Ndiyo maana samaki wale waliokuwa wakifa walikuwa wanamkalia kooni. Matroni alishawageuza kuwa ushahidi. Alisema wodini, mbele ya muuguzi, mbele ya mgonjwa wa kitanda cha pili ambaye hayakumhusu: "Mtu aliyeshindwa na samaki, atamuweza mgonjwa?"

Mlango ulifunguka bila hodi.

"Wamebaki wangapi?" aliuliza Matroni.

"Habari za asubuhi, wifi."

"Nimeuliza wangapi. Ijumaa walikuwa tisa." Aliinama kwenye kioo, akahesabu kwa kidole kama anayeita majina bwenini. "Wanane. Huyo mwingine umemla?"

"Nimemfanya supu, imebaki kidogo jikoni. Karibu."

Matroni alisonya, msonyo mrefu wa mtu mwenye muda. Akatoa simu, akampigia mdogo wake palepale, amesimama katikati ya sebule ya mtu. "Eh, baba. Mmoja tena. Ndiyo, wa tatu. Hapana, usijisumbue, moyo wako usijisumbue, mimi nipo. Mkeo? Yupo hapa, ananitazama."

Fundi alimtazama kweli, kwa jicho ambalo lingetoboa kitambaa cha kaki.

Alipoondoka, Fundi alichota maji ya tangi kwenye chupa ya jamu, akafunga mfuniko, akaenda kwa Bwana Maji.

Bwana Maji aliuza samaki wa kufuga kwenye duka jembamba lenye matangi kila upande, na alikuwa na sifa moja mji mzima: alipenda samaki na hakupenda wateja. Alimfahamu mumewe Fundi kwa miaka mingi. Alichukua ile chupa, akaimimina kidogo kwenye kichupa chembamba cha kupimia, akadondosha matone ya dawa, akatikisa. Maji yalianza kuwa kijani, yakaendelea kuwa kijani, mpaka yakawa kijani kizito kisichopendeza kabisa.

"Manjano ni uzima," alisema. "Kijani ni sumu. Kwa hii yako ningeweza kupaka ukuta rangi. Ni amonia, mama. Samaki wanakaa ndani ya choo chao wenyewe. Unawalisha mara ngapi?"

"Mara moja, asubuhi. Kama mume wangu alivyoagiza."

"Muongo."

"Na jioni kidogo," alisema Fundi. "Nikirudi kazini wananijia kwenye kioo. Nikaona nisiwanyime."

"Kidogo gani?"

"Kijiko."

"Kijiko! Samaki anakula kile kinachoshikika kwa ncha za vidole viwili. Kinachobaki kinaozea chini ya mawe. Na ile sponji ya kwenye chujio, umeifanya nini?"

Hapo Fundi alijivuna kidogo, maana kwa usafi hakuwa na mpinzani. "Ile niliisafisha vizuri. Wifi alisema inanuka. Nikaifua kwa sabuni na maji ya moto, ikarudi kama mpya."

Bwana Maji alifumba macho. "Kwenye ule uchafu kulikuwa na vijidudu wazuri," alisema taratibu. "Ndio wanaokula ile sumu. Mumeo amewalea miaka sita. Wewe umewaua kwa sabuni, asubuhi moja, tena kwa furaha."

Fundi alitamani ardhi ipasuke. Hakuwa mtu wa kukosea kazi ya mikono.

Bwana Maji alizama kwenye tangi lake kubwa la nyuma, akatoka na sponji nyeusi, inayoteleza, inayonuka kama mtaro. Akaitia kwenye mfuko wenye maji. "Weka hii kwenye chujio. Usiifue, usiisuuze, usiiangalie vibaya. Huo uchafu ndio dawa. Kila siku toa theluthi moja ya maji, ukinyonya taka za chini kwa mpira. Rudishia maji yaliyolala kwenye ndoo siku nzima, maana dawa inayotiwa kwenye maji ya bomba inawachoma. Kwa leo tumia matone haya ya kuiondoa. Na siku tatu wasile kitu. Sikiliza vizuri. Hata punje."

"Siku tatu? Hawatakufa njaa?"

"Wanakufa shibe, mama." Akakishika tena kile kichupa cha kupimia, akakigeuza kwenye mwanga, akakunja uso. "Lakini hii ni nyingi mno. Kijiko chako peke yake hakifiki hapa. Kuna mtu anakusaidia kuwaua."

Fundi alitembea kurudi nyumbani na mfuko wa uchafu mkononi, na njia nzima alikuwa akiwaza maneno yale. Alipofika mlangoni alishajua. Hakuwa na ushahidi, lakini alijua.

Jumanne alitoka nyumbani saa mbili kama kawaida, akawasalimu majirani kwa sauti ili asikike anaondoka, akafungua chumba cha cherehani. Saa sita kasorobo akafunga, akarudi kwa njia ya nyuma, akakaa jikoni juu ya kigoda, mlango ameuacha wazi kiasi cha jicho.

Matroni aliingia saa sita kamili. Alivua viatu, akaweka mkoba mezani, akavuta kiti hadi kwenye tangi. Na sauti iliyotoka, Fundi hakuwahi kuisikia kwa mtu yule. Ilikuwa laini kama ya kubembeleza mtoto.

"Mmeshinda njaa wanangu? Anawanyima, eh? Tazama midomo ilivyo wazi. Haya, mama amekuja."

Akafungua mkoba, akatoa mkebe wa chakula cha samaki, mkebe mkubwa, wake mwenyewe. Akamimina kiganjani kilima kizima, akakitia ndani ya maji. "Kuleni. Kuleni mmalize."

Fundi alitoka jikoni kwa kasi iliyoangusha kigoda.

"Kumbe ni wewe!"

Matroni aliruka, lakini hakuwa mtu wa kukamatwa akakiri. Palepale akamjia juu. "Ni mimi ndiyo! Bila mimi wangebaki mifupa! Kila siku saa sita nawakuta midomo wazi, wanahema kwenye kioo kama watoto waliosahaulika. Nimelisha watoto mia nne, nitashindwa kuijua njaa?"

"Wanafungua midomo kwa sababu hawapumui! Maji yana sumu, na sumu ni hicho chakula chako!" Fundi alishachukua upawa, anaopoa vile vipunje kabla havijazama, maji yanamwagika hadi kwenye zulia. "Wiki tatu! Kila siku unamwaga hivyo wiki tatu, kisha unampigia simu mume wangu kusema mimi ndiye muuaji!"

"Na huo uchafu je?" Matroni alikuwa ameiona sponji nyeusi kwenye chujio. "Hebu ona! Unawatilia mtaro ndani ya maji kisha unanifundisha mimi usafi?" Akakunja mkono wa gauni, akaingiza mkono kwenye tangi kuing'oa.

Fundi akaudaka mkono ule. Wakashikana, mikono minne ndani ya maji, samaki wanakimbilia pembeni, Mwenyekiti mwenyewe amebanwa kati ya kiwiko na kioo.

"Ukiitoa hiyo, wifi, wallahi naleta mkasi."

"Lete!"

"Ile ya kwanza niliifua kwa sabuni kwa sababu ulisema inanuka! Vijidudu wote wakafa! Hii ndiyo dawa, imetoka kwa Bwana Maji!"

Matroni aliacha kuvuta. "Uliifua kwa sabuni?"

Fundi akauma ulimi, lakini neno lilishatoka.

"Kwa hiyo na wewe umewaua," alisema Matroni, na tabasamu likaanza kumpanda taratibu.

"Kwa maneno yako."

"Kwa mikono yako."

Wakasimama wanadondosha maji kwenye zulia, wanahema kama wale samaki. Fundi akamwambia yote aliyoambiwa dukani, sumu, maji ya kulala, siku tatu bila punje. Matroni akasikiliza mikono kiunoni. Alipomaliza, Matroni akarudi kwenye kiti chake, akakaa, akaweka mkoba mapajani.

"Sitoki hapa," alisema. "Nikitoka utawamaliza, kisha useme ni chakula changu."

"Na mimi siendi kazini," alisema Fundi. "Nikienda utawalisha."

Hivyo ndivyo ulinzi ulivyoanza. Fundi alibeba cherehani kutoka chumba cha kupanga, akaiweka sebuleni, ikimtazama Matroni uso kwa uso, tangi likiwa katikati yao. Wateja wake walikuja kupimwa nguo humohumo, wakimpisha bibi mmoja aliyenuna kitini na mkoba mapajani. Matroni aliwasili saa moja asubuhi na kuondoka saa kumi na mbili jioni, na kabla ya kuondoka aliziba mfuniko wa tangi kwa utepe wa gundi, akatia saini juu ya utepe kama bahasha za mtihani. Asubuhi aliikagua saini yake kwa miwani. Fundi naye aliudai ule mkebe ubaki nyumbani, akaushonea mfuko wa turubai na kuufunga mdomo kwa mshono wa mashine, mara mbili.

Walichukiana kwa bidii. Kama mmoja alikwenda msalani, mwenzake alikohoa ili ajue anasubiriwa. Saa ya kubadilisha maji ilibidi wasaidiane, maana ndoo zilikuwa nzito: Fundi alinyonya mpira hadi maji machafu yakamjia mdomoni, Matroni akashika ndoo na kusema anajaza kupita theluthi. Fundi alisema si kupita. Matroni alileta rula.

Jumatano mmoja wa wajumbe alikufa, wakabaki saba. Hakuna aliyempigia mtu simu. Walimtoa pamoja, wakamtazama kwenye upawa, na kila mmoja alikuwa anahesabu kimoyomoyo ni punje za nani.

Alhamisi samaki walianza kupita kwenye kioo wakimkodolea Matroni, na Matroni akaanza kutoa machozi. Fundi alisimamisha cherehani.

"Mama alipokufa, mdogo wangu alikuwa na miaka mitatu," alisema Matroni, haonekani kumwambia mtu. "Alikuwa hali. Nilimshika kidevu, nikamtia kijiko mdomoni, mwaka mzima, kijiko kwa kijiko. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Halafu ukaja wewe na sanduku lako, na tangu siku hiyo naalikwa kula kwake kama mgeni. Nakuchukia kwa hilo. Acha nikwambie tu."

Fundi alisikia, na kuna mahali ndani yake palipolegea, na hakupenda kabisa palegee.

"Ulimlea," alisema. "Nashukuru. Lakini mimi sikuolewa na mtoto wa miaka mitatu. Kila anapougua unamrudisha huko, ukimtia kijiko. Na mimi nabaki hapa na sahani moja. Nakuchukia pia, wifi, usidhani uko peke yako."

"Vizuri," alisema Matroni, akifuta macho.

"Vizuri," alisema Fundi, akakanyaga cherehani.

Ijumaa mchana Bwana Maji alipita na vichupa vyake. Hakumsalimu mtu. Maji ya tangi yalikuwa yameanza kuangaza, mawe ya chini yanaonekana moja moja. Samaki walikuwa wameshuka katikati, mapezi wameyakunjua, Mwenyekiti anatembea mbele na wengine nyuma kama zamani. Alidondosha matone, akatikisa. Maji yakawa manjano, na ukijani wa mbali kabisa wa kutafuta kwa jicho.

"Nani alisimamia wasile?" aliuliza.

"Mimi," walisema wote wawili.

Aliwatazama. Akakitazama kiti, cherehani, utepe wenye saini, mfuko wa turubai ulioshonwa mdomo. Akacheka, mara ya kwanza Fundi kumwona akicheka, na hakikuwa kicheko cha upole. Akaomba mkasi, akakata mshono, akatoa chembe kwa ncha za vidole viwili, akawalisha. "Mara moja kwa siku, hivi tu," alisema, na akaondoka kwenda hospitali kumwona rafiki yake.

Jumamosi walifika wodini kwa wakati mmoja, na wakapita mlangoni kwa wakati mmoja, bega kwa bega, maana hakuna aliyempisha mwenzake. Mgonjwa alikuwa ameketi kitandani, amevaa viatu, mfuko wa nguo miguuni.

"Gari liko nje," alisema Matroni. "Chumba chako kiko tayari."

"Samaki saba wako hai," alisema Fundi, maneno aliyoyafanyia mazoezi usiku kucha. "Maji ni manjano kwenye kichupa. Muulize Bwana Maji. Nimeweza, mume wangu. Twende nyumbani."

"Alikuja jana," alisema mumewe. "Kanieleza kila kitu." Alikuwa amekonda usoni, lakini miguu ilikuwa imejaa kwenye viatu, kamba hazikufungika. Akainyooshea kidole. "Daktari alishangaa wiki tatu kwa nini miguu hii haishuki. Aliwakataza chumvi, mnakumbuka? Dada, ile supu uliyokuwa ukiniletea mchana, ukiniambia nisimwambie mke wangu, ina chumvi?"

Matroni aliushika mkoba wake. "Kidogo. Bila chumvi usingeinywa."

"Na wewe, mke wangu. Ile ya jioni, ya kunong'onezana?"

Fundi naye alikuwa ameitia chumvi. Alidhani ni yeye pekee. Alidhani bila yeye mtu huyu angelala njaa.

"Nilishindwa kuikataa ya mmoja, nikanywa zote mbili," alisema mumewe. "Jana Bwana Maji aliponisimulia habari za samaki, nilimwita muuguzi nikamweleza. Kanisema mpaka nikaona aibu." Akausogeza mfuko wa nguo. "Nakwenda nyumbani kwangu."

Fundi aligeuka haraka kumtazama wifi yake, maana uso ule alikuwa ameusubiri wiki tatu na hakutaka kupitwa nao.

"Na dada anakuja kukaa nasi," aliendelea mumewe. "Mpaka daktari aseme nimepona. Miezi mitatu, labda minne. Msinitolee macho. Wale samaki hawakuponywa na wewe, wala na yeye. Walipona kwa sababu kila mmoja alikaa kumzuia mwenzake. Nami nataka kupona."

Hata mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa amekaa vizuri kusikiliza. Fundi alikuwa ameshinda. Alikuwa amepewa mume na nyumba na kitanda, na mwenye kengele akiwa chumba cha pili.

"Kile chumba cha nyuma," alisema Matroni hatimaye, "kina kitanda?"

"Kina."

"Basi tukifika ukakitandike. Mimi nitakaa na mgonjwa."

Fundi aliinama, akaubeba mfuko wa nguo.

"Tutakitandika wote wawili, wifi," alisema. "Sikuachi naye hata dakika moja."